Lita Iliyoingia na Lita Iliyotoka: Taarifa ya Mwaka ya Mfanyabiashara wa Maziwa Mwenye Leseni

Taarifa ya mwaka ya mfanyabiashara wa maziwa ni hesabu ya maandishi ambayo mwenye leseni huiwasilisha kwa mamlaka iliyompa leseni hiyo. Ndani yake hueleza maziwa aliyopokea katika miezi 12, yalitoka kwa nani, yaligeuzwa kuwa nini, yaliuzwa wapi, na kiasi gani kiliharibika au kumwagwa. Fedha zimo, lakini si kiini chake. Hesabu za fedha zina wasomaji wao: mamlaka ya kodi, msajili wa makampuni, mrajisi wa vyama vya ushirika. Taarifa ya maziwa hujibu swali ambalo hao hawaulizi, nalo ni maziwa yenyewe yalikwenda wapi.

Wajibu huo unatokana na leseni. Nchini Kenya, Sheria ya Sekta ya Maziwa, Sura ya 336, iliunda Bodi ya Maziwa ya Kenya mwaka 1958 na kuipa mamlaka ya kutoa leseni na kudai taarifa. Mwaka 2021 zilitangazwa kanuni mpya chini ya sheria hiyo. Baadhi yake zinahusu usajili na leseni, nyingine usalama wa maziwa na ufuatiliaji wa bidhaa kutoka sokoni hadi zizini, na moja ilitungwa mahususi kwa ajili ya ritani (fomu za hesabu zinazorudishwa kwa bodi), taarifa na makadirio. Tanzania Bara ina Sheria ya Maziwa ya mwaka 2004, Sura ya 262, iliyoanzisha Bodi ya Maziwa Tanzania. Kanuni zake za mwaka 2007 zinagusa usajili wa wadau, ubebaji na utunzaji wa maziwa mabichi, usindikaji, na uingizaji na utoaji wa maziwa nchini. Uganda iliunda Mamlaka ya Maendeleo ya Maziwa chini ya sheria ya mwaka 1998. Maneno ya sheria hizi yanatofautiana, lakini msingi ni mmoja: anayeruhusiwa kushika maziwa ya watu kwa biashara hulazimika kuyatolea hesabu.

Mfugaji anayekamua ng'ombe wake wawili na kumpimia jirani nusu lita hahusiki na mjadala huu. Anayehusika ni chama cha ushirika chenye kituo cha kukusanyia na tangi la kupozea, msafirishaji mwenye lori la tangi, kiwanda, msambazaji, mwagizaji wa unga wa maziwa kutoka nje, na pia mwenye duka la maziwa au mashine ya kujipimia ambayo watu wa Nairobi huiita ATM ya maziwa. Hao hawalingani kwa ukubwa. Kosa la kwanza la fomu nyingi za serikali ni kuwauliza wote maswali yaleyale, mwenye duka akaachwa anajaza kurasa za jibini na siagi kwa kuandika sifuri mstari baada ya mstari.

Kwa muda mrefu Kenya haikuhitaji taarifa za watu wengi, kwa sababu mnunuzi mkubwa alikuwa mmoja. KCC, kampuni ya kusindika maziwa iliyoanzishwa mwaka 1925 na walowezi, ilikuja kuwa mnunuzi na muuzaji aliyelindwa katika soko la mijini, na tarakimu za nchi zilikaa katika madaftari yake. Mwaka 1992 soko lilifunguliwa. Wasindikaji binafsi wakaingia, wachuuzi wa baiskeli na pikipiki wakaongezeka, na KCC ikaelemewa na madeni hadi serikali ilipoifufua mwaka 2003 kwa jina la New KCC. Kuanzia hapo, ofisa aliyetaka kujua ni lita ngapi zimenunuliwa Nyandarua hakuwa na pa kuuliza isipokuwa kwa kila mnunuzi mmoja mmoja. Kufungua soko ndiko kulikoipa ritani ya maziwa uzito wake, jambo ambalo wanaoiona kama kikwazo cha soko huria hulisahau.

Tanzania ilipita njia nyingine yenye funzo lake. Tanzania Dairies Limited, shirika la umma lililoundwa mwaka 1975, liliendesha viwanda katika miji kadhaa, na sehemu kubwa ya maziwa ya kiwanda cha Dar es Salaam ilitengenezwa kwa unga na mafuta ya siagi vilivyoletwa kama msaada. Lita iliyouzwa mjini haikuwa ushahidi kwamba kuna ng'ombe aliyekamuliwa mahali fulani nchini. Aliyesoma mauzo peke yake angeweza kudhani ufugaji unastawi ilhali kinachostawi ni meli za msaada. Kwa hiyo taarifa yoyote inayostahili jina hilo hutenganisha vyanzo: maziwa mabichi ya wafugaji, maziwa yaliyonunuliwa kwa mwenye leseni mwingine, na unga au mafuta ya maziwa, ya ndani au ya nje.

Mfupa wa taarifa ni mlinganyo mmoja. Bakaa ya siku ya kwanza ya mwaka, ukijumlisha mapokezi yote, lazima ilingane na vilivyouzwa, vilivyotumika kutengeneza bidhaa nyingine, vilivyorudishwa au kumwagwa, pamoja na bakaa ya siku ya mwisho. Fomu isiyouliza bakaa ya mwanzo na ya mwisho haina maana, hata iwe na kurasa 20, kwa kuwa kila tofauti itajibiwa kwa neno moja, ghala. Maziwa mabichi hayakai, lakini unga hukaa miezi mingi, jibini gumu hukaa, na maziwa ya pakiti yaliyopitishwa kwenye joto kali hukaa miezi bila friji. Kiwanda kinaweza kufunga mwaka kikiwa na tani za unga zilizotengenezwa mvua za masika zilipofurisha vituo, na tani hizo zikauzwa mwaka unaofuata.

Mlinganyo huo hukwama mapema kwenye kipimo. Vituo vingi hupima kwa mizani, yaani kwa kilo, kisha karani huandika lita. Lita moja ya maziwa ya ng'ombe ina uzito wa takriban kilo 1.03. Kituo kilichopokea kilo 1,000,000 kwa mwaka kimepokea lita 971,000 hivi. Karani akiandika lita 1,000,000, amezaa lita 29,000 ambazo hakuna ng'ombe aliyezitoa, na mwisho wa mwaka zitatafutwa kana kwamba zimeibwa. Tatizo hilo hujirudia pale msafirishaji anapopima kwa kijiti kilichotiwa alama ndani ya tangi huku povu likiwa bado halijatulia. Taarifa nzuri hutaja kipimo kilichotumika katika kila hatua na hubadilisha mara moja tu, kwa kiwango kilekile, badala ya kuacha kila kituo kibadilishe kwa namna yake.

Baada ya ujazo huja mafuta, na hapa ndipo taarifa ya mwaka inapoonyesha nguvu zake. Lita zinaweza kuongezwa kwa maji ya bomba. Mafuta ya maziwa hayaongezeki kwa maji. Yaliyoingia kiwandani lazima yatoke katika bidhaa, yabaki ghalani, au yapotee kwa kiasi kidogo kinachojulikana. Chukua kiwanda cha mfano kilichopokea lita 1,000,000, sawa na kilo 1,030,000, zenye wastani wa mafuta wa asilimia 3.8. Kimeingiza kilo 39,140 za mafuta. Kimeuza lita 700,000 za maziwa ya pakiti na lita 280,000 za mtindi, vyote vikiwa na mafuta asilimia 3.3, humo zimetoka kilo 33,310. Zimebaki kilo 5,830, ambazo kiwanda kilizitoa kama krimu kwenye mashine ya kutenganisha. Siagi yenye mafuta asilimia 80 iliyotokana na krimu hiyo itakaribia kilo 7,000, pungufu kidogo kwa mafuta yanayobaki katika tindi na yanayooshwa pamoja na mitambo.

Sasa mkaguzi ana kitu cha kushika. Kiwanda hicho kikiandika kwamba hakikutengeneza siagi wala kuuza krimu, mafuta ya tani saba za siagi yametoka mlangoni bila jina. Kikiandika siagi kilo 12,000, kimetoa mafuta mengi kuliko kiliyopokea. Basi ama kimenunua maziwa ambayo hakikuyaandika, na huenda hakikuyalipia tozo, ama maziwa yake ya pakiti yana mafuta pungufu kuliko lebo inavyosema, ama siagi hiyo imetiwa mafuta ya mmea. Hesabu haimwambii mkaguzi lipi kati ya hayo limetokea. Inamwambia aende kiwandani, na akifika aanze na chumba kipi.

Hesabu ya aina hiyo hufanyika pia kwa yabisi zisizo mafuta, yaani protini, sukari ya maziwa na madini, na huko ndiko maji hujitokeza. Kiwango cha Afrika Mashariki cha maziwa mabichi ya ng'ombe kinataka mafuta yasiyopungua asilimia 3.25, yabisi zisizo mafuta zisizopungua asilimia 8.5, na uzito-uwiano kati ya 1.028 na 1.036. Maji ya asilimia 10 hushusha usomaji wa laktomita kwa alama tatu hivi. Maziwa mazito ya asubuhi yanaweza kubeba maji kidogo na bado yakapita kituoni siku hiyo. Wastani wa mwaka mzima hauhongwi kirahisi namna hiyo: kituo ambacho wastani wake wa yabisi uko chini ya vituo vyote vinavyokizunguka, vyenye ng'ombe wa aina moja na malisho yaleyale, kina jambo la kueleza.

Unga nao una hesabu yake. Kilo moja ya unga wa maziwa yenye mafuta kamili hutokana na takriban kilo 8 za maziwa, na ikichanganywa na maji hurudi kuwa kiasi kilekile. Tani 10 za unga ulioagizwa kutoka nje zinaweza kutokea upande wa mauzo kama kilo 80,000 za maziwa. Safu ya unga isipokuwapo upande wa mapokezi, ongezeko hilo litaonekana kama uhodari wa wafugaji wa ndani. Kwa bodi inayopanga kama kibali cha kuagiza unga kitolewe au la, safu hiyo ina uzito kuliko kurasa nyingine zote za taarifa.

Upotevu hauepukiki. Maziwa hubaki kwenye kuta za madebe, kwenye mabomba, kwenye maji ya kwanza ya kuoshea. Taratibu za masoko ya maziwa za serikali kuu ya Marekani huweka kikomo cha upotevu unaokubalika, asilimia 2 kwa maziwa yanayopokelewa moja kwa moja kutoka kwa wafugaji, na kinachozidi hapo huhesabiwa kana kwamba kimetumika katika daraja la bei ya juu. Hilo huvutia kwa akili yake. Halimshtaki mtu kwa wizi, halimwombi ushahidi asioweza kuuleta. Linamfanya alipie uzembe kwa bei ya maziwa ya kunywa. Mwenye kiwanda aliyewahi kulipia upotevu namna hiyo hununua mita nzuri za maziwa bila kusukumwa.

Mfumo huo wa Marekani, uliojengwa juu ya sheria ya mwaka 1937, unaonyesha pia kwa nini taarifa ya matumizi inaweza kuwa na uzito kuliko ya mapokezi. Bei ya chini ambayo mnunuzi anawajibika kulipa hutegemea maziwa yalifanywa nini. Daraja la kwanza ni maziwa ya kunywa. La pili ni bidhaa laini kama mtindi na aiskrimu. La tatu ni jibini. La nne ni siagi na unga. Wanunuzi hupeleka taarifa kila mwezi kwa msimamizi wa soko, thamani yote ya eneo hujumlishwa, na wafugaji hulipwa kwa wastani wake. Anayedanganya kuhusu matumizi, akasema maziwa yalikwenda kwenye unga ilhali yaliuzwa kwenye chupa, huwaibia wafugaji wa eneo zima pamoja na wa kwake. Ndiyo maana vitabu vyake hukaguliwa, na hutakiwa kuvihifadhi kwa miaka 3. Kenya na Tanzania hazina madaraja ya bei ya namna hiyo, na kuiga fomu zake bila mfumo wake kungekuwa kazi bure. Kinachofaa kuigwa ni kanuni iliyo chini yake: vitabu vikae, na vikae muda unaotosha mkaguzi kuchelewa.

Sehemu ya malipo kwa wafugaji ni fupi kwenye karatasi na nzito maishani. Mfugaji hupeleka maziwa kila siku na hulipwa mwisho wa mwezi, pengine mwezi unaofuata. Kwa siku hizo zote amemkopesha mnunuzi bila riba wala dhamana. Mnunuzi akianguka, deni hilo ndilo la kwanza kupotea. California huwatoza wanunuzi wenye leseni michango ya mfuko wa kulinda malipo ya wafugaji. Palipo na mfuko kama huo, taarifa ya mwaka ndiyo hutoa kipimo cha hatari: mnunuzi huyu hudaiwa kiasi gani katika mwezi wake mzito kuliko yote? Pasipo na mfuko, swali hilohilo linafaa kuulizwa kabla ya leseni kuhuishwa. Jedwali lenye safu tatu linatosha: thamani ya maziwa yaliyopokelewa kila mwezi, tarehe ya kulipa iliyoahidiwa, tarehe ambayo malipo yalitoka. Siku zikianza kurefuka kati ya safu ya pili na ya tatu, kuanzia 15 hadi 30 hadi 60, kiwanda kinaugua, hata kama tangazo lake la redio linaendelea kuchezwa.

Jedwali la kila mwezi huonyesha pia majira. Katika nyanda za juu za Kenya maziwa hupungua katika kiangazi cha Januari hadi Machi na huongezeka mvua zinaposhika. Mnunuzi anayekataa maziwa ya mfugaji Mei kwa kuwa matangi yamejaa, kisha akalalamika Februari kwamba wafugaji wamehamia kwa wachuuzi, huandika habari zake zote mbili katika taarifa moja bila kujua. Jumla ya mwaka peke yake huficha jambo hilo, na kwa sababu hiyo taarifa ya mwaka haichukui nafasi ya ritani za miezi. Huzipanga pamoja na kuzisahihisha.

Usalama wa chakula huingia kwa njia ya maziwa yaliyokataliwa. Kituo kinachofanya kazi yake hukataa maziwa mara kwa mara: yaliyoganda kwenye kipimo cha alkoholi, yenye mabaki ya dawa za kutibu kiwele, yenye harufu, yaliyotiwa maji. Kiwango cha kikanda huyapanga maziwa mabichi kwa idadi ya bakteria. Daraja la kwanza halizidi 200,000 kwa mililita, na yanayovuka 2,000,000 hayana daraja. Taarifa hutaja kiasi kilichokataliwa, kwa sababu gani, na yalikwenda wapi. Swali la mwisho ndilo gumu. Maziwa yaliyokataliwa kwenye lango moja saa mbili asubuhi yana mazoea ya kupokelewa kwenye lango la pili saa nne. Kituo kinachoripoti kwamba hakikukataa hata lita moja kwa mwaka mzima kisipongezwe haraka. Labda wapimaji wake hawana vifaa, au hawana ruhusa ya kumkasirisha mwanachama.

China ilitoa mfano mchungu wa mwaka 2008. Maziwa yaliyoongezwa maji yalitiwa melamini, kemikali ya viwanda yenye nitrojeni nyingi, ili kipimo cha protini kilichohesabu nitrojeni kisione upungufu. Maziwa ya unga ya watoto yaliyotokana nayo yaliua watoto sita kwa hesabu ya serikali, na watoto wapatao 300,000 waliugua. Kwenye kipimo hicho maziwa yalionekana kuwa na protini ya kutosha. Kipimo kimoja kikishajulikana na wadanganyifu huwa kimeshindwa, na kinachobaki ni kulinganisha kipimo hicho na vitu ambavyo mdanganyifu hawezi kuvipanga vyote pamoja: idadi ya ng'ombe wanaohudumia kituo, lita zilizodaiwa kutoka kwao, mafuta, yabisi, na majira ya mwaka.

Taarifa ya mwaka yenye meno zaidi katika biashara ya maziwa pengine ilikuwa ya Ulaya. Kuanzia mwaka 1984 hadi 31 Machi 2015 nchi za Jumuiya, baadaye Umoja wa Ulaya, ziliweka kikomo cha maziwa ambayo kila mfugaji angeweza kuuza bila kutozwa ada ya ziada. Mwaka wa maziwa ulianza Aprili na kuisha Machi. Mnunuzi ilimpasa awe ameidhinishwa, na kanuni za mwaka 2004 zilimtaka apeleke kabla ya 15 Mei tamko la kila mfugaji na kiasi alichopeleka, pamoja na mafuta yake. Aliyechelewa alitozwa kwa kila siku ya kuchelewa, na aliyeendelea kukaidi aliweza kunyang'anywa idhini ya kununua. Wingi wa adhabu hautoshi kueleza kwa nini mfumo huo ulifanya kazi. Tamko la mnunuzi liligusa mfuko wa mfugaji moja kwa moja, kwa hiyo mfugaji mwenyewe alikuwa na stakabadhi zake na alilipinga kosa papo hapo. Maelfu ya wakaguzi wasiolipwa walikuwa mashambani.

Afrika Mashariki inaweza kupata wakaguzi hao bila kuwa na kikomo cha maziwa. Simu ya mkononi inatosha. Kituo kinapomtumia mfugaji ujumbe wa kilo zilizopokelewa asubuhi hiyo, na mwisho wa mwaka kikamtumia jumla yake, mfugaji hulinganisha na daftari lake, au na kumbukumbu ya mke wake, ambayo mara nyingi ni sahihi zaidi kwa kuwa ndiye anayekamua. Jumla za wafugaji wote zikijumlishwa lazima zifike kwenye mstari wa mapokezi wa taarifa. Zisipofika, kuna wafugaji hewa, na wafugaji hewa katika chama cha ushirika kwa kawaida huwa na akaunti halisi za benki.

Orodha ya wafugaji ni taarifa binafsi. Sheria ya Kenya ya ulinzi wa data ya mwaka 2019 na ile ya Tanzania ya mwaka 2022 zinawahusu wenye vituo na bodi zenyewe. Jina, namba ya simu, namba ya kitambulisho na mapato ya mtu hayapaswi kubandikwa ukutani wala kupewa muuza vyakula vya mifugo kwa sababu tu yamo kwenye faili. Siri za biashara za mwenye leseni nazo zina haki ya kulindwa. Bodi inapochapisha takwimu za mwaka huzitoa kwa jumla, kwa wilaya au kaunti, na palipo na kiwanda kimoja tu huunganisha maeneo ili hesabu zake zisisomeke na mshindani. Mwenye leseni asiyeamini kwamba siri yake italindwa ataandika tarakimu za kuonyesha na kuweka za kweli nyumbani.

Kwa mfanyabiashara mdogo kazi yote hurudi kwenye daftari la kila siku. Mwenye duka la maziwa anahitaji safu chache: tarehe, maziwa aliyonunua na kwa nani, namba ya leseni ya aliyemuuzia, aliyouza, aliyogandisha kuwa mtindi, aliyomwaga. Mwisho wa mwezi hujumlisha, na miezi 12 ikijumlishwa taarifa imekwisha kuandikwa. Anayeanza kuitafuta Desemba hatafuti taarifa, anatunga. Ukurasa mmoja unamtosha, na ofisa wa bodi anayemdai zaidi anamfukuza arudi kwa wachuuzi wasio na leseni, ambao hawaandiki chochote. Katika Kenya na Tanzania wachuuzi hao wameshika sehemu kubwa ya soko, na nchini Tanzania ni asilimia chache tu ya maziwa yanayokamuliwa zinazofika viwandani. Takwimu za wenye leseni kwa hiyo ni takwimu za maziwa yaliyopita kwenye milango rasmi. Kuziita uzalishaji wa taifa, kama magazeti yafanyavyo wakati mwingine, ni kuhesabu samaki wa bahari kwa waliofika mnadani.

Mwaka wenyewe una utata wake. Serikali za Kenya na Tanzania hufunga hesabu 30 Juni, makampuni mengi hufunga 31 Desemba, na leseni huweza kuisha siku tofauti na hizo zote. Taarifa inayosema "mwaka 2023" bila kutaja siku ya kwanza na ya mwisho haiwezi kulinganishwa na nyingine. Busara ni kufuata kipindi kilichotajwa na kanuni au fomu, hata kama kitabu cha kampuni kinafuata kingine, na kubakiza ritani za miezi ili kipindi chochote kiweze kuundwa upya.

Makosa hutokea, na sheria nzuri huyatofautisha na udanganyifu. Mwenye leseni anayegundua mwezi wa nne kwamba kituo kimoja kilihesabiwa mara mbili hupeleka marekebisho yenye tarehe, sababu na saini, wala hafuti tarakimu ya zamani. Tarakimu mbili zinazoonekana pamoja, ya kwanza na ya marekebisho, zina manufaa kwa mkaguzi kuliko moja safi. Taarifa ya uongo kwa makusudi ni jambo la faini, kusimamishwa au kufutiwa leseni, na pengine mahakama. Kuchelewa hukaa katikati. Bodi inayohuisha leseni bila kudai taarifa ya mwaka uliopita imejivua yenyewe nguvu pekee inayofanya kazi bila polisi.

Kuna mwaka mmoja ambao fomu nyingi huusahau, nao ni mwaka wa kufunga. Kiwanda kinapouzwa, kituo kinapounganishwa na kingine, au mwenye duka anaporudisha leseni katikati ya mwaka, wajibu wa taarifa haukomi siku mlango unapofungwa. Taarifa ya mwisho huishia siku hiyo badala ya mwisho wa mwaka. Hutaja bakaa ya unga, jibini na siagi na nani ameichukua. Tozo iliyobaki bila kulipwa. Wafugaji wanaodai, kwa majina na kiasi. Bidhaa zilizo bado madukani ambazo huenda zikahitaji kurudishwa zikigundulika na kasoro, na ni nani atakayezipokea. Na mahali ambapo vitabu vitahifadhiwa. Mnunuzi wa biashara hiyo huanza taarifa yake ya kwanza kwa kunakili bakaa hiyo neno kwa neno kama bakaa yake ya mwanzo, na bodi huweka nakala za taarifa hizo mbili katika faili moja.